Hodhi Nililolisugua

Mwaka 2011, nikiwa na miaka arobaini na tisa, korona ya mkonge, yaani kiwanda cha kusindika katani, niliyoifanyia kazi tangu ndevu hazijaota ilifungwa, na shida zangu zikaanza hapo. Mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Watoto walikuwa na maisha yao. Nami si mtu wa kwenda kuomba kibarua cha kupalilia kwa vijana niliowaona wakitambaa. Nikauza ng'ombe wangu wawili na baiskeli, nikapata viza, nikaenda Dubai.

Sikusoma. Nilifika darasa la nne nikatolewa, na nasema mapema ili mtu asinitafutie makosa ya kalamu. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari.

Habari yenyewe ni ya shimo, na ya mtu mmoja aliyeshuka shimoni kwa sababu yangu. Hayo mengine ya Dubai, majumba marefu na taa, wameshayasema wanaojua kuyasema.

Karakana yetu ilikuwa upande wa Jebel Ali. Kazi yake ilikuwa kuchovya vyuma: mabomba ya bafuni, vitasa vya milango, miguu ya viti vya hoteli. Chuma kinakuja kimepauka, kinachovywa katika beseni la nikeli, kisha la kromi, kinatoka kinang'aa mpaka unajihesabu meno. Kila kikitoka kinasuuzwa, na maji ya kusuuzia ndiyo yenye balaa. Yana rangi ya njano, kama mtu ameyatia bizari. Yalikuwa yakiteremka kwa mfereji hadi kwenye shimo nyuma ya karakana, lenye kina cha watu wawili mmoja juu ya mabega ya mwenzake. Likijaa, lazima likombwe, maji yatiwe kwenye mapipa, boza lije liyachukue. Pampu ziliwekwa, pampu zikaliwa. Maji yale yanakula chuma, sembuse mpira. Ikabaki ndoo na kamba. Mmoja anashuka kwa ngazi anachota, mwingine yuko juu anavuta.

Aliyekuwa akishuka ni Mkenya. Mimi nilikuwa navuta.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, wa bara huko kwao, watu wa milimani na ng'ombe, Mkristo wa kusali kabla ya kula hata biskuti. Alikuja Dubai kuwa mlinzi wa mlangoni. Kampuni iliyomleta ikamwambia nafasi hakuna, akaishia kwetu. Arbab, yaani mwenye karakana, alitupangia nyumba Discovery Gardens, watu kumi chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Yeye alilala juu, mimi chini, kwa sababu ya magoti yangu. Miguu yake mirefu ilining'inia usoni kwangu miaka yote ile.

Mikono yake ilikuwa na matundu. Sisemi vidonda, nasema matundu, ya mviringo, kama aliyepigwa kwa msumari wa moto. Hayakuuma sana, na huo ndio ubaya wake, maana mtu husahau. Pua nayo ilikuwa imetoboka ndani, ule ukuta wa katikati. Wageni wakija kazini aliwatisha: alipitisha kijiti cha kiberiti tundu hili, kikatokea tundu la pili.

"Mzee wa Tanga, ninunulie kipini basi. Shimo iko tayari."

"Kipini ni cha wanawake."

"Kwani mimi ni nini? Si ndio mimi nakupikia?"

Kweli alikuwa akinipikia. Ugali wake ungeweza kujengea nyumba.

Daktari wa zahanati alimwambia maneno mimi nikiwa pale pale, kwa hiyo siwezi kusema sikusikia. Alimwambia mikono itapona akikaa mbali na maji yale. Akirudi, yataingia kwenye damu, yatatafuta figo. Mkenya akamjibu, "Sawa daktari," na kesho yake akashuka, kwa sababu shimo lilikuwa limejaa.

Mwaka 2014 ndipo alipokuja madam. Mhindi wa upande wa Malabari, mhandisi wa maji, mfupi, amevaa buti za kiume, haogopi mtu. Arbab alikuwa ametakiwa asafishe maji yake mwenyewe kabla ya kuyatoa, akamwajiri yeye. Akaweka hodhi kubwa la plastiki ngumu penye uwazi nyuma, akalijaza vigurudumu vidogo vya plastiki vyenye matundu, kila kimoja kama kifuniko cha chupa ya soda. Kisha akaja na ndoo mbili za tope kutoka sijui wapi, akazimimina humo. Akatuambia kila asubuhi tutie molasi, ile sukari nyeusi wanayolishwa ng'ombe.

Nilicheka. Nikamwambia, "Madam, sumu unaitibu kwa matope na sukari guru?"

Hakukasirika. Alichukua kipande cha boksi akakaa nacho sakafuni, akanichorea. Akasema katika tope lile mna bakteria, wadudu wasioonekana kwa macho. Mmoja mmoja akielea majini ni mnyonge, sumu inamuua. Lakini wakipata pa kushika, wanajishikiza, wanatoa ute. Ute unakuwa utando, na ndani ya utando wanaishi kwa mamilioni kama mchwa kwenye kichuguu. Kichuguu kile sumu haikivunji upesi. Nikeli inayopita majini inanaswa na ule ute. Ile kromi ya njano wanaigeuza, inapoteza ukali wake, inakuwa tope la kijani linaloganda humo humo. Ndiyo maana akaweka vigurudumu, wapate pa kujenga. Akatuwekea miiko mitatu: sabuni isiguse hodhi, klorini isiguse hodhi, hodhi lisikauke.

Mkenya alielewa haraka kuliko mimi, na hilo liliniudhi.

"Hii kitu ni kibuyu ya maziwa," akasema. "Kwetu kibuyu hatuoshi na sabuni. Tunaswaki ndani na kijiti, tunapaka mkaa ya mti yenyewe tunaijua, basi. Maziwa inajua kibuyu yake. Ukiosha na sabuni, maziwa hailali, inaoza tu."

"Ndiyo maana mnanuka," nikamwambia.

"Ndiyo maana tunakimbia, mzee. Nyinyi mnaosha kila kitu na bado mnatembea pole pole."

Wiki kadhaa zilipita. Siku moja madam akafungua bomba la kutokea, akakinga maji kwenye glasi, akayainua juani. Meupe. Yaliingia na rangi ya bizari, yakatoka meupe. Wanaume kumi tuliipitisha glasi ile mkono kwa mkono kama watu walioonyeshwa mtoto mchanga.

Mfereji ukaelekezwa kwenye hodhi, shimo likakauka. Tuliweka mbao juu yake na tukawa tunakaa hapo kunywa chai. Miezi minane hakuna aliyeshuka. Matundu ya mikono ya Mkenya yakaanza kuziba, ngozi changa ya waridi ikafunika. Alikuwa akiiangalia siku nzima ile mikono yake, kama msichana aliyepakwa hina.

Alifanya jambo lingine ambalo nililicheka. Alichota vigurudumu kama viganja vinne, akavitia kwenye jerikeni pamoja na maji ya humo, akaenda nayo nyumbani akaiweka chini ya kitanda, yaani karibu na kichwa changu. Kila baada ya siku chache alibadilisha maji kidogo na kuitia molasi.

"Sasa unafuga bakteria?"

"Kwetu mtu haweki maziwa yote kwa kibuyu moja. Yako ikiharibika, unaenda wapi?"

"Dukani."

"Dukani," akarudia, akatikisa kichwa kwa huruma.

Sasa niseme yangu. Baba yangu alikuwa mtunza msikiti. Kila Alhamisi, tangu nikiwa na miaka saba, alinishusha ndani ya hodhi la kutawadhia nilisugue kwa makumbi ya nazi na mchanga, ili Ijumaa watu wakute maji safi. Alikuwa akipitisha kidole ukutani. Kikiteleza, nilichapwa. Alisema hodhi lenye utelezi ni aibu ya mji mzima. Kwa hiyo nilipokuwa nikifunua lile hodhi la madam nikaona ukuta umevaa makamasi ya kijivu, yanateleza kama mlenda, yananuka udongo na yai, mwili ulinisisimka. Miezi minane nililisha uchafu, mimi mtoto wa mtunza msikiti. Nilijua maelezo yake. Lakini kujua kwa kichwa ni kitu kimoja na mkono uliofundishwa kwa kiboko ni kitu kingine.

Ilikuwa Agosti ya mwaka uliofuata. Madam alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mama yake. Fomeni akaja asubuhi akiwa mbio mbio.

"Yalla, haraka, sadiki! Kesho wakaguzi. Kila kitu safi. Sakafu nataka nile wali juu yake."

Alisema sakafu. Akasema mabeseni kwa nje, choo, na ofisi. Hodhi hakulitaja. Naandika hivi ili mtu asije akamtupia lawama fomeni. Hakulitaja.

Mkenya alitumwa na dereva kupeleka vitasa kwenye jengo moja Al Nahda. Saa nne nilikuwa nimemaliza sakafu, na mikono yangu bado ina nguvu. Nikafunua hodhi. Nikatazama yale makamasi. Nikajisemea, watu wa serikali waje, wafunue, waone hivi? Watasema nani mwangalizi? Watasema ni yule Mtanzania.

Nilifungua koki ya chini, maji yote yakateremka mferejini mpaka shimoni. Nilikuwa na makumbi ya nazi kutoka duka la Mmalabari. Nilikuwa na klorini madumu mawili. Niliingia ndani ya hodhi nikasugua kuta kwa namna ya kwetu, kutoka juu kwenda chini, bila kuruka mahali. Vigurudumu nikaviosha beseni kwa beseni mpaka vikawa vyeupe kama meno. Makamasi yote, tope lote la kijani, miezi minane yake, niliyasukuma kwa maji yakaenda shimoni. Niliimba kaswida. Adhuhuri hodhi liling'aa. Nikalijaza maji ya bomba, nikafunika.

Wallahi sijawahi kujivunia kazi kama ile.

Wakaguzi walikuja, wakakinga chupa ya maji kwenye bomba la kutokea. Yalikuwa maji ya bomba niliyojaza jana yake, yangekosaje kuwa meupe? Wakaandika, wakaondoka. Fomeni akanipiga bega.

Kisha kazi ikaanza kama kawaida. Maji ya njano yakaingia katika hodhi, na jioni ya siku ile yakatoka ya njano vile vile.

Fomeni alisimama na glasi mkononi. "Imekufa," akasema. "Bakteria wamekufa. Joto, au siyo?"

"Joto, sir," nikajibu.

Huo ulikuwa uwongo wa kwanza. Hata haukuniuma. Agosti ya Dubai inaweza kusingiziwa chochote.

"Khalas, basi. Turudi kwenye shimo mpaka madam aje."

Asubuhi tukaondoa mbao. Mkenya akafunga kamba ndoo, akaweka mguu kwenye ngazi, akasita. Chini hayakuwa maji yale aliyoyazoea. Yalikuwa mazito, yana rangi mbili mbili, njano na kijani, na povu juu.

"Mzee, hii ni nini?"

Nilijua ni nini. Sikujua kama ni sumu zaidi ya ile ya kawaida, hilo sikulijua, lakini nilijua nilichokitia humo. Alikuwa ananitazama, mkono mmoja kwenye ngazi, ile ngozi yake changa ya waridi.

"Maji tu," nikasema.

"Maji tu?"

"Shuka basi, au nishuke mimi."

Akacheka. "Wewe ushuke? Na hiyo magoti? Utoke na nini, winchi?"

Akashuka.

Siku tano nilivuta ndoo. Glavu zake zilikuwa zimechoka, barakoa ilikuwa ya kitambaa. Kila ndoo ikifika juu nilikuwa naona makamasi yangu yanaelea humo, vipande vipande, na nilikuwa nageuza uso nikimimina. Siku ya tatu matundu ya mikono yalifunguka tena. Alifunga vitambaa. Siku ya sita hakumaliza. Alipanda ngazi katikati ya kazi, akakaa ukingoni, akatapika juu ya buti zake. Akaniambia mkojo wake tangu jana ni kama kahawa. Kufika jioni hakupata hata huo.

Tulimpeleka hospitali, mimi na fomeni. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole. Akauliza huyu anafanya kazi na nini. Fomeni akasema usafi, kutoa maji machafu, sabuni, kutu. Alisema alichokijua. Daktari akauliza mara ya pili: kuna kemikali? Kuna kitu kipya wiki hii? Fomeni akanigeukia mimi.

Nilikuwa nimeshika viatu vya Mkenya mkononi. Ningesema sentensi moja tu. Mle shimoni mna kromi ya miezi minane na klorini, niliitia mimi. Hata mtoto wa darasa la pili angeweza kuisema. Lakini niliona viza yangu ikifutwa, nikajiona nashuka Tanga na begi moja, na watu wa mtaani wanauliza umerudi na nini mzee. Na kubwa kuliko hilo, nisifiche: niliona aibu. Mimi, mtu wa usafi, nionekane mjinga aliyeambiwa miiko mitatu na mtoto wa kike akaivunja.

"Maji tu," nikasema.

Wakamtibu kama mtu aliyepigwa na joto na maji kumwishia mwilini. Wakamtundikia dripu. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Uso wake ukavimba mpaka macho yakawa mistari. Nilikuwa nakwenda kumtazama, narudi, nakula, nalala chini ya kitanda chake kitupu.

Siku ya tatu madam akarudi.

Alifunua hodhi kabla hata hajatua mkoba. Akapitisha kidole ukutani, kama baba yangu, ila yeye alikuwa akitafuta utelezi. Hakuupata. Akakinusa kidole.

"Nani ameosha?"

"Sijui, madam. Fomeni amesema ni joto."

"Joto halinuki klorini."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye ukingo wa hodhi amechoka, mtu aliyetoka kumzika mama yake, na hilo nililijua baadaye. Akauliza kama kuna popote kumebaki kigurudumu kimoja chenye uhai, bombani, kwenye pembe, popote. Kisipokuwepo, kuanza upya ni miezi, na miezi yote hiyo watu watashuka shimoni.

Nikasema, "Ipo jerikeni."

Dereva akanipeleka Discovery Gardens na pikapu. Chumbani hapakuwa na mtu, wote walikuwa kazini. Jerikeni ilikuwa pale pale karibu na mto wangu, ameifunika kwa shuka lake ili isipate joto sana. Nilifungua kifuniko. Ikaja harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Nikatia mkono. Ilikuwa inateleza, ya uvuguvugu, nzima. Aliilisha molasi kabla hajaenda hospitali. Anatapika, hana mkojo, na ameinama akalisha jerikeni.

Nilikaa kitandani muda, mkono wangu umo ndani. Sikulia. Nilichokifanya ni kuona, kwa mara ya kwanza, kitu nilichokiosha.

Nilipofika karakana niliweka jerikeni miguuni mwa madam, nikamwambia yote nimesimama. Hodhi nilisugua mimi. Uchafu wote uko shimoni. Alishuka juu yake siku sita. Daktari hajui.

Alichukua simu akapiga hospitali, akatembea huku na huku akisema kwa Kiingereza, na neno nililolitambua lilikuwa kromi, kromi, kromi. Alipokata, akaniambia, "Wanamhamisha sasa hivi kwenye mashine ya kusafisha damu. Daktari anasema siku tatu ni nyingi." Kisha akasema, "Na yeye utakwenda kumwambia wewe. Mimi sitamwambia."

Nilimkuta na mirija. Nilikaa kwenye kiti.

"Nimekuja kukwambia kitu."

"Umesugua tangi," akasema.

Nikavuta kiti karibu.

"Ulirudi nyumbani ile siku unanuka kama swimingi puli. Pua yangu imetoboka, mzee, haijakufa."

"Na bado ukashuka?"

"Nilijua umeosha. Sikujua umeoshea wapi." Alipumua. "Nikakuuliza. Niko kwa ngazi, nikakuuliza, hii ni nini. Ukasema maji tu."

"Ndiyo."

"Ile ya kusugua ni ushamba. Mtu wa pwani ni mtu wa pwani. Lakini ile ya maji tu, hiyo ni wewe."

Mashine ilikuwa ikizungusha damu yake ndani ya bomba la plastiki. Akafungua jicho moja.

"Jerikeni yangu umelisha?"

"Nimempelekea madam."

"Yote?"

"Yote."

"Mjinga wewe," akasema. "Ungebakisha."

Hodhi lilifufuka. Kutoka vile viganja vinne vya vigurudumu utando ulitambaa ukashika vingine, na baada ya wiki kadhaa maji yakatoka meupe. Sikufukuzwa. Madam alimwambia arbab kwamba aliyeua bakteria mara moja ndiye ambaye hataua mara ya pili, na arbab hakuwa na mtu mwingine aliyejua kulilisha. Mimi ndiye niliyefanywa mlinzi wa hodhi, kazi ya kivulini, nafasi yangu ikapanda, jina langu likabandikwa ukutani. Yeye alirudishwa kwao kwa kiti cha magurudumu, figo zote mbili zimelala, akawa anasafiri kwenda mjini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Aliishi hivyo mwaka na nusu. Mara kwa mara alinitumia ujumbe wa sauti, na kila ujumbe ulianza na swali lile lile: umebakisha? Nikamjibu nimebakisha. Maana tangu siku ile sikukosa jerikeni mbili chini ya kitanda.

Habari ya kifo chake niliipata nikiwa nimeshika ndoo ya molasi. Nikaimimina kwanza, maana ilikuwa saa yake.

Mwaka 2019 niliondoka Dubai. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilishukia Nairobi, nikapanda basi mpaka milimani kwao, nikauliza uliza mpaka nikafika kwa mkewe. Nilimwambia mimi ndiye niliyesugua, na mimi ndiye niliyesema maji tu. Alikuwa anakamua ng'ombe. Aliendelea kukamua mpaka akamaliza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu cheusi chenye mkanda wa ngozi.

"Hii ilikuwa yake. Chukua. Mimi siwezi kuiangalia." Nilipofika kwenye geti akaniita. "Mzee. Usioshe na sabuni."

Leo nina miaka sitini na kitu. Wanaonijua wanasema nimejitengeneza mwenyewe, na siwakatalii, kwa sababu kazi nimefanya na jasho ni langu. Lakini mali yangu naijua imeota wapi. Iko hivi.

Nyumba ya tofali za saruji, vyumba vinne, bati jipya, Muheza. Ekari mbili za michungwa. Ng'ombe watatu, mmoja anakamuliwa. Baiskeli. Tangi la maji la lita elfu mbili, nje nalifuta kila Alhamisi, ndani siligusi bila kufikiri. Redio. Simu yenye sauti ya Mkenya, ujumbe kumi na mmoja. Kibuyu kimoja ambacho si changu, kina maziwa, na kingine kidogo cha akiba. Mikono miwili, haina tundu hata moja.